Kumfundisha Tabibu Kushuku

Mtoto anayeumizwa nyumbani kwao hana njia nyingi za kuonekana na watu wa nje. Akiwa bado hajaanza shule, jirani humwona kwa mbali tu, na ndugu wanaomwona kwa karibu mara nyingi ndio wenye sababu ya kunyamaza. Wanaobaki ni muuguzi anayempima uzito kliniki, tabibu wa zahanati anayemtibu homa, mtaalamu wa mionzi anayempiga picha ya mkono uliovimba, na daktari wa zamu anayempokea usiku akiwa ameungua. Watu hawa humvua mtoto nguo, humgusa, huuliza habari za mwili wake na za usingizi wake, na jamii imewapa ruhusa ya kufanya hivyo bila kuwaona wajeuri, ruhusa ambayo mwalimu, polisi au mjumbe wa serikali ya mtaa hana. Ndiyo maana namna wanavyofundishwa kuutambua ukatili dhidi ya watoto, na namna wanavyofundishwa kutenda wakishautambua, haiwezi kuachwa iwe mada ndogo ya mwisho wa muhula katika vyuo vya afya, kwa kuwa mara nyingi ndiyo inayoamua kama mtoto atarudishwa kule kule alikoumizwa.

Ukatili huo, ambao Zanzibar hujulikana zaidi kwa jina la udhalilishaji, hugawanywa na Shirika la Afya Duniani katika mafungu manne. La kwanza ni ukatili wa kimwili, yaani kupiga, kuchoma, kunyonga au kumtikisa mtoto kwa nguvu. La pili ni ukatili wa kingono, yaani kumwingiza mtoto katika vitendo vya ngono asivyovielewa au asivyo na uwezo wa kuviridhia. La tatu ni ukatili wa kihisia, yaani kumtisha, kumtweza au kumkataa mara kwa mara mpaka makuzi yake yakadhurika. Na la nne ni kumtelekeza, yaani kumnyima chakula, matibabu, usalama au uangalizi ilhali uwezo wa kumpatia upo. Sharti hilo la uwezo ni zito mno katika nchi zenye familia nyingi maskini, na tabibu asiyelielewa anaweza kumshtaki mama ambaye kosa lake ni ufukara peke yake.

Ukubwa wa tatizo nchini Tanzania ulijulikana kwa takwimu kupitia utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, kwa ushirikiano wa UNICEF, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu wasichana 3 katika kila 10, pamoja na mvulana 1 katika kila 7, walieleza kwamba walifanyiwa ukatili wa kingono, huku karibu robo tatu ya vijana wote wakieleza kwamba walipigwa ngumi, mateke, mijeledi au kuumizwa kwa namna nyingine. Jambo linalowahusu wahudumu wa afya moja kwa moja ni kwamba takribani nusu ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono, na zaidi ya theluthi mbili ya wavulana, hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Mtoto wa namna hiyo hafiki hospitali akisema kilichompata. Hufika akiwa na tumbo linalouma, kidonda kisichopona, kukojoa kitandani kulikoanza upya, au mkono uliovunjika ambao maelezo yake hayaingii akilini.

Historia ya tiba yenyewe inaonyesha kwamba ugumu wa kutambua hautokani na uchache wa dalili. Mwaka 1860 daktari wa Ufaransa aliyeitwa Ambroise Tardieu, bingwa wa tiba ya kisheria, yaani tawi la tiba linalochunguza majeraha na vifo kwa ajili ya mahakama, alichapisha maelezo ya watoto 32 walioteswa na wazazi au walezi wao, akaeleza michubuko, majeraha ya moto na damu iliyovilia kichwani, lakini maandishi yake yakapita karibu bila kuitikiwa na madaktari wenzake. Mwaka 1946 John Caffey, mtaalamu wa picha za eksirei kwa watoto huko New York, alieleza habari za watoto wachanga sita waliokuwa na damu iliyovilia kati ya fuvu na ubongo pamoja na mifupa mirefu iliyovunjika, ambao wazazi wao hawakuwa na maelezo ya kuridhisha, naye pia alisita kutamka hadharani kwamba palikuwa na mtu aliyewavunja. Ilipofika mwaka 1962 ndipo Henry Kempe na wenzake wa Denver, katika jimbo la Colorado, walipochapisha makala yaliyokusanya taarifa za hospitali 71 za Marekani zilizoripoti watoto 302 walioumizwa kwa makusudi katika mwaka mmoja, 33 kati yao wakiwa wamefariki na 85 wakiwa wamebaki na madhara ya kudumu ya ubongo. Katika muda wa miaka mitano hivi majimbo yote ya Marekani yalitunga sheria za kuwataka madaktari watoe taarifa.

Kempe aliandika wazi kwamba kikwazo kikubwa kilikuwa ndani ya daktari mwenyewe, ambaye hakuwa tayari kuamini kwamba mzazi aliyekaa mbele yake, mwenye adabu na mwenye huzuni, ndiye aliyemfanyia mtoto yale. Kauli hiyo ina zaidi ya miaka 60 na bado ndiyo kiini cha mafunzo yote yanayostahili kuitwa mafunzo. Alama za mwilini zinaweza kufundishwa kwa picha katika siku mbili, lakini kumfanya mtu aliyelelewa kuheshimu wazazi, anayeishi kijiji kimoja na familia anayoihudumia, akubali wazo la ukatili liingie katika orodha ya magonjwa anayoyafikiria ni kazi ya muda mrefu. Kinachotakiwa kwake ni kushuku kwa sababu za msingi na kuchukua hatua kwa kadiri ya shaka hiyo, kwa kuwa kuthibitisha ni kazi ya wengine. Tabibu anayesubiri mpaka awe na uhakika kwa kawaida husubiri mpaka mtoto arudishwe akiwa na hali mbaya zaidi.

Shaka ya msingi hujengwa kwanza kwa kulinganisha maelezo na jeraha, kisha jeraha na umri wa mtoto. Mtoto wa miezi miwili hawezi kujiviringisha hadi ukingoni mwa kitanda akaanguka, na mtoto ambaye bado hajasimama havunji mfupa wa paja kwa kucheza. Maelezo yanayobadilika kila anapoingia mhudumu mwingine, au yanayotofautiana kati ya mama na bibi, yanapaswa kuandikwa yote kama yalivyotolewa. Vitabu vingi vya kigeni hutaja pia kuchelewa kumleta mtoto hospitali kuwa ni dalili ya hatari, na hapa mkufunzi wa Afrika Mashariki hana budi kuongeza neno lake, kwa sababu mzazi wa kijijini anaweza kuchelewa siku tatu akitafuta nauli, akisubiri ruhusa ya mume, au akiwa ameanzia kwa mganga wa kienyeji, bila kuwa na lolote la kuficha.

Alama za kuvilia damu chini ya ngozi ndizo zenye kanuni iliyo rahisi zaidi kukumbukwa. Utafiti wa daktari wa watoto wa Marekani, Mary Clyde Pierce, na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kwa mtoto wa chini ya miaka minne, alama zilizo kiwiliwilini, masikioni au shingoni ni za kutilia shaka, na kwamba kwa mtoto wa chini ya miezi minne alama yoyote, mahali popote mwilini, ni ya kutilia shaka mpaka ipate maelezo. Mtoto anayejifunza kutembea hujigonga kwenye miundi na kwenye paji la uso, na ni nadra ajali za kawaida kumwumiza nyuma ya sikio. Kwenye ngozi nyeusi alama hizi hazionekani kirahisi, kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kumchunguza mtoto penye mwanga wa kutosha, kupapasa palipovimba au panapouma, na kuangalia ndani ya kinywa, hasa ule ukano unaounganisha mdomo wa juu na ufizi, ambao unaweza kuchanika mtoto anapolishwa kwa nguvu au kupigwa mdomoni. Hufundishwa pia kutokadiria umri wa alama kwa kuangalia rangi yake, maana tafiti zimeonyesha kwamba kukisia huko hakuaminiki, ingawa wapo wanaoendelea kuuandika umri huo kwenye fomu kana kwamba umepimwa.

Majeraha ya moto yanahitaji uangalifu wa pekee katika nyumba ambamo jiko la mkaa huwekwa sakafuni na sufuria ya uji huepuliwa ikawekwa pale pale ambapo watoto hutambaa. Ajali hizo ni nyingi na ni za kweli. Maji yanayomwagika kwa bahati mbaya hutiririka, huunguza zaidi juu kuliko chini na huacha madoa ya matone yaliyoruka, wakati mtoto aliyetumbukizwa kwa makusudi huwa na mpaka ulionyooka kwenye miguu yote miwili au mikono yote miwili, bila matone pembeni. Tofauti hii haionekani kwa mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa, na ikishaonyeshwa ni vigumu kuisahau.

Mafunzo mazuri hutenga muda ule ule kwa ajili ya vitu vinavyofanana na ukatili lakini sivyo. Watoto wengi wenye asili ya Afrika huzaliwa na mabaka ya rangi ya buluu au kijivu mgongoni na matakoni, ambayo tabibu mgeni anaweza kuyadhania kuwa alama za kipigo. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu ulioenea sana Tanzania, anaweza kuletwa akiwa na uvimbe wenye maumivu makali kwenye viganja na nyayo, na ngozi ya mtoto mwenye kwashiakoo huweza kubanduka kama iliyoungua. Kuna vilevile alama za tiba za asili, kama vile chale, kidonda cha kukatwa kimeo, au ufizi uliochimbwa ili kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Mzazi aliyefanya hivyo alikuwa akitafuta uzima wa mtoto wake, na ingawa madhara yake yanaweza kuwa makubwa kiasi cha kuua, anayemtendea kama mhalifu humfukuza yeye na majirani zake wasirudi zahanati. Anachohitaji ni kuelimishwa kwa uthabiti na mtoto wake kutibiwa.

Katika ukatili wa kingono, kosa kubwa zaidi linalofanywa na watoa huduma wasiofunzwa ni kuamini kwamba mwili lazima uonyeshe. Tafiti za miongo kadhaa katika kliniki maalumu zimeonyesha mara kwa mara kwamba zaidi ya watoto tisa katika kila kumi wanaochunguzwa baada ya kueleza kwamba wamefanyiwa ukatili huo hukutwa na maumbile ya kawaida, kwa sababu vitendo vingi haviachi jeraha, na hata pale jeraha lilipokuwapo sehemu hizo hupona upesi. Kizinda, yaani utando mwembamba ulio kwenye mlango wa uke, hakiwezi kutumika kuamua kama msichana amewahi kuingiliwa, na mwezi wa Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa na UN Women kwa pamoja zilitaka kile kinachoitwa kipimo cha ubikira kikomeshwe, kwa kuwa hakina msingi wa kitabibu na kinamdhalilisha anayepimwa. Sheria ya Tanzania yenyewe pia haidai jeraha: Kanuni ya Adhabu inasema kuingiliwa hata kwa kiasi kidogo kunatosha kutimiza kosa la kubaka, na Mahakama ya Rufani, katika hukumu ya mwaka 2006 ambayo imerejewa katika kesi nyingi, ilisema kwamba ushahidi wa kweli wa kosa hilo hutoka kwa aliyetendewa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, kwa kuahidi kusema kweli.

Tabibu asiyejua hayo akiandika kwenye fomu kwamba hakuna dalili ya kubakwa, huenda akawa ameandika jambo sahihi kuhusu alichokiona na wakati huo huo amemwangamizia mtoto kesi yake. Aliyefunzwa huandika kwamba uchunguzi umeonyesha maumbile ya kawaida, na kwamba hali hiyo haikanushi maelezo ya mtoto. Tofauti ya sentensi hizo mbili ni ndogo kwa mwandishi na ni kubwa mno kwa hakimu, na mkufunzi ambaye hakufika hapo hajamaliza somo.

Mazungumzo na mtoto nayo yana ufundi wake, na ndiyo sehemu inayowatisha wanafunzi kuliko zote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto haushauri kila mtoto anayefika kituoni aulizwe maswali ya ukatili kwa kufuata orodha. Unashauri mhudumu awe macho na aulize anapoona dalili. Mtoto anayeweza kuzungumza hutengwa kwa upole na mtu aliyemleta, akiwepo mhudumu wa pili, kisha huulizwa kwa maneno yaliyo wazi yasiyo na jibu ndani yake, kama vile kuombwa aeleze kilichotokea na kilichofuata. Swali kama "Baba mdogo alikushika, sivyo?" humpa mtoto jibu la kumridhisha mkubwa, na wakili wa utetezi atalikumbusha mahakamani. Mhudumu hatakiwi kuahidi kwamba atalitunza jambo hilo liwe siri, kwa sababu ahadi hiyo hawezi kuitimiza, wala hatakiwi kumhoji mtoto kwa undani kama mpelelezi, maana kila kusimulia upya humrudisha mtoto kwenye tukio.

Yale anayoyasema mtoto huandikwa kama alivyoyatamka, pamoja na swali lililomfanya aseme. Watoto hawana msamiati wa sheria, na lugha waliyofundishwa na wakubwa kuhusu sehemu za siri ni ya kufumba: mtoto wa Kenya husema kwamba mtu fulani alimfanyia "tabia mbaya", na wa Tanzania hutaja "dudu" au "huko chini". Mhudumu anayeona haya akageuza maneno hayo kuwa "alibakwa" au "alinajisiwa" anaondoa ushahidi wa mtoto na kuweka tafsiri yake; anapaswa kuyaacha maneno ya mtoto, kisha amwombe aonyeshe kwa kidole au kwenye mchoro ni sehemu gani anayoitaja.

Uzito wa maandishi ulidhihirika kwa uchungu nchini Uingereza katika kifo cha Victoria Climbié, mtoto wa miaka minane aliyezaliwa Côte d'Ivoire na kupelekwa Ulaya na shangazi wa mzazi wake kwa ahadi ya elimu, akafariki London tarehe 25 Februari 2000 akiwa na majeraha na makovu 128 mwilini. Mwezi wa Julai 1999 alifikishwa katika hospitali mbili kwa muda wa siku kumi. Katika hospitali ya kwanza daktari aliyempokea alishuku kwamba ameumizwa, lakini daktari bingwa akaamua kwamba alama zile ni za upele, na uamuzi huo ukafunika shaka ya kwanza. Katika hospitali ya pili, ambako alilazwa kwa jeraha la maji ya moto kichwani, wauguzi waliona alama zilizofanana na za bizimu ya mkanda na waliona jinsi alivyobadilika kwa hofu mlezi wake alipoingia, ila mengi ya waliyoyaona hayakuandikwa kwenye jalada. Daktari bingwa wa huko aliamini kwamba mtoto anateswa, lakini maneno aliyoyaandika yalisomwa na wengine kuwa mtoto yuko tayari kuruhusiwa. Uchunguzi wa umma ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa ripoti mwaka 2003 yenye mapendekezo 108, ulisisitiza mambo ambayo ni ya kawaida kabisa: shaka ya ukatili iandikwe waziwazi, madaktari wanapotofautiana tofauti hiyo iandikwe, historia ichukuliwe kwa mtoto mwenyewe, na mtoto mwenye shaka hiyo asiruhusiwe bila mpango ulioandikwa wa uangalizi wake. Hospitali zile hazikukosa vifaa wala mabingwa. Hiyo ni habari ya kutia moyo kwa kituo cha afya cha wilayani, kwa kuwa kilichokosekana kule ni kitu ambacho kinaweza kufanywa kwa kalamu.

Baada ya kutambua kuna saa zinazohesabika. Mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU kabla ya saa 72 kupita, na azitumie kwa siku 28. Msichana aliyevunja ungo apate vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kisha ifuate kinga au tiba ya magonjwa mengine ya zinaa, chanjo ya homa ya ini na ya pepopunda inapohitajika, na ushauri nasaha. Tanzania imezoea kuanza na PF3, fomu ya polisi ambayo tabibu huijaza kueleza majeraha, na familia nyingi huamini kwamba bila fomu hiyo mtoto hatibiwi. Mtoto anayetoka kijijini alfajiri, akapelekwa kituo cha polisi kilicho mbali, akasubiri fomu, anaweza kuzipoteza saa hizo zote njiani. Mafunzo hayana budi kuweka utaratibu huu vichwani mwa wahudumu wote, pamoja na makarani wa mapokezi na walinzi wa getini ambao ndio huwarudisha watu: matibabu yaanze, fomu ifuate. Kenya ina fomu ya pekee ya huduma baada ya kubakwa, inayojazwa na kituo chenyewe kwa nakala tatu, moja ya polisi, moja ya mwathirika na moja ya hospitali, mpangilio unaozuia ushahidi wote kutegemea jalada moja linaloweza kupotea.

Suluhisho ambalo nchi za eneo hili zimelielekea ni kuziweka huduma zote chini ya paa moja. Rwanda ilianzisha kituo cha Isange katika Hospitali ya Polisi ya Kacyiru, Kigali, mwaka 2009. Zanzibar ikaanzisha kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, na Dar es Salaam ikawa nacho katika Hospitali ya Amana. Hapo daktari, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, ofisa ustawi wa jamii na mshauri nasaha humhudumia mtoto pamoja, naye husimulia mara chache zaidi. Penye zahanati pekee, mhudumu anapaswa kujua kwa majina nani wa kumpigia. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo, na namba 116, ya simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bila malipo Tanzania na hata Kenya.

Hata hivyo mhudumu anayejua yote haya bado anaweza kunyamaza, na mafunzo yasiyogusa sababu za ukimya huo yanajidanganya. Wazee wa pande mbili wanaweza kuwa wameshakubaliana kuyamaliza nyumbani kwa faini, na muuguzi anayetoa taarifa ataonekana amewavunjia watu sitara. Kuitwa mahakamani kunamaanisha kuacha zamu ambayo haina mwingine wa kuishika, kusafiri kwa gharama zisizorudishwa kwa wakati, kisha kuambiwa kesi imeahirishwa. Na kuna jambo la ndani zaidi: wahudumu nao ni sehemu ya kizazi kile ambacho karibu robo tatu yake walipigwa utotoni, na wengi wanaamini kwa dhati kwamba fimbo ndiyo iliyowafanya wakawa watu. Sheria ya Mtoto haikukataza adhabu yote, bali inakataa ile isiyo ya kiasi kwa umri na hali ya mtoto, hivyo inamwachia muuguzi mwenyewe kupima. Mkufunzi mwenye busara huwapa wanafunzi nafasi ya kulizungumza hilo waziwazi, bila kuwasuta, kabla ya kuwaonyesha picha ya kwanza ya jeraha.

Upande wa kumtelekeza mtoto ndio unaohitaji huruma iliyofunzwa. Mtoto aliyedhoofu ambaye kadi yake ya kliniki inaonyesha uzito ukishuka miezi minne mfululizo anaweza kuwa na mama mwenye msongo wa mawazo, mama anayepigwa, au mama asiye na chakula, na kwa kila mmoja wao jibu ni tofauti. Huko Baltimore, Marekani, daktari Howard Dubowitz na wenzake waliwafunza madaktari wanafunzi wa watoto kuwauliza wazazi kwa heshima kuhusu mambo hayo hayo, yaani sonona, ulevi, ugomvi wa nyumbani na msongo, kisha kuwaunganisha na mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Matokeo waliyochapisha mwaka 2009 yalionyesha kwamba asilimia 13 ya familia zilizohudumiwa na madaktari waliofunzwa ziliripotiwa kwa mamlaka za ulinzi wa watoto, ikilinganishwa na asilimia 19 ya familia nyingine. Mafunzo yale yaliwafikia watoto kabla hawajaumizwa, na kwa hali ya vijiji vya Afrika Mashariki, ambako kliniki ya mama na mtoto hufikiwa na karibu kila mzazi, hakuna sababu ya msingi ya kuyaona kuwa ni ya nchi tajiri.

Inabaki namna ya kufundisha yenyewe. Semina ya siku tatu hotelini, yenye cheti na posho, huongeza ujuzi unaopimika siku ya mwisho na kufifia baada ya miezi michache, hasa kwa kuwa aliyehudhuria huhamishwa na anayeshika nafasi yake hajui kitu. Mahali pa somo hili ni katika mitaala ya msingi ya vyuo vya matabibu na wauguzi, likipimwa kwenye mtihani kama malaria inavyopimwa, kisha lirudiwe kazini kwa usimamizi shirikishi, yaani msimamizi mzoefu anayekaa na mhudumu mezani pake, akapitia naye majalada ya watoto halisi na kuigiza naye mazungumzo magumu. Aliyefunzwa anahitaji pia kujua kilichompata mtoto aliyempeleka mbele. Muuguzi anayeandika rufaa tatu na asisikie lolote, huku akimwona mtuhumiwa akipita sokoni, haandiki ya nne. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, maarufu kama MTAKUWWA, uliunda kamati za ulinzi kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa, na wahudumu wa afya ni wajumbe wake. Pale kamati hizo zinapokutana kweli, daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wanaweza kuipitia rejista ya rufaa mstari kwa mstari, na kila jina lisilo na jibu likawekewa mtu wa kulifuatilia na tarehe ya kuleta jibu.